Kifuniko cha bwawa la nje: kipi kinafaa pwani ya Tanga, na kipi hakimlindi mtoto

*"Nina nyumba ndogo ya wageni Raskazone, Tanga, yenye bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5. Liko wazi kabisa upande wa bahari. Tangu kaskazi ianze maji yanapungua kama nusu sentimita kila siku, na bili inanitoa jasho. Klorini naweka asubuhi, jioni nikipima hamna kitu. Upande wa pili kuna mivinje, majani yake yanaziba chujio. Nimeshauriwa niweke kifuniko. Kijana mmoja wa Dar ananiuzia kile cha buluu chenye vipovu vya hewa. Fundi wetu wa Ngamiani anayeshona maturubai ya malori anasema atanitengenezea la turubai zito, litandikwe juu ya mabomba ya chuma na kukazwa barabara. Wajukuu zangu watatu watakuja likizo ya Juni, mdogo ana miaka miwili na nusu, kwa hiyo nataka kitu kitakachowazuia wasitumbukie pia. Nichukue kipi? Na je, maji hayo hayavuji?"*

Shikamoo mama.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo, na ndiyo maana kijana wa Dar na fundi wa Ngamiani wamekupa majibu yasiyofanana: kila mmoja amejibu lile analouza. Unataka maji yasipungue, klorini isiishe, majani yasiingie, na mtoto asizame. Matatu ya mwanzo kifuniko kimoja cha kawaida kinayaweza. La nne hakiliwezi, na nitaanza nalo hilo.

Kile cha buluu ni plastiki nyembamba, pengine nusu milimita, inayoelea tu juu ya maji bila kushikwa popote. Mtoto akiikanyaga inazama chini ya mguu wake, ukingo unaachana na ukuta, anaingia, kisha plastiki inarudi na kulala kama ilivyokuwa. Anayepita uani anaona buluu tupu. Na mtoto mdogo akizama hapigi kelele. Mambo yanaisha kimya, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kwa mjukuu wako mdogo, bwawa lililofunikwa hivyo ni la hatari kuliko lililo wazi: linafanana na sakafu, na likishamchukua linamficha.

Turubai zito nalo lisikupe usingizi. Mvua ikinyesha maji yatatuama katikati yake, na mtoto wa umri ule anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, akianguka kifudifudi na kushindwa kujiinua kwa kuwa kitambaa kinateleza na kubonyea.

Vipo vifuniko vya usalama vya kweli. Kiwango cha Marekani kinataka kifuniko cha bwawa la upana kama wako kibebe uzito wa watu wazima wawili na mtoto mmoja kwa pamoja, takriban kilo 220, kisiache upenyo wa mtoto kupita pembeni, na kisibaki na maji juu yake. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2003, mwenye bwawa binafsi lililochimbwa ardhini analazimika kuwa na mojawapo ya vitu vinne: uzio, king'ora, kifuniko cha usalama au banda la kulifunga bwawa lote. Vifuniko vya namna hiyo hutengenezwa kiwandani kwa vipimo vya bwawa husika, vikajaribiwa na kupewa cheti. Fundi wako anaweza kuwa na mkono hodari kuliko wote Tanga nzima, lakini hana namna ya kukuthibitishia kwamba kazi yake itahimili jaribio hilo, na wewe hutaki jaribio lifanywe na mjukuu.

Kwa hali yako ningejenga uzio kwanza, kabla ya Juni, hata kama kifuniko kitasubiri. Uzunguke pande zote nne, na upande unaotazama nyumba usiachwe, maana mtoto hatoki barabarani, anatoka jikoni. Kimo kisipungue mita 1.2. Nondo zisimame wima, nafasi kati yake isizidi sentimita 10, pasiwe na mbao za kulala anazoweza kuzifanya ngazi. Lango lifunguke kwenda nje na lijifunge lenyewe kwa springi, komeo likae juu, kama mita 1.4 au 1.5 toka chini. Viti na vyungu vya maua visisogezwe karibu na uzio. Kazi hii mchomeleaji yeyote mzuri anaiweza, na unaweza kuikagua kwa futikamba yako mwenyewe. Hata hivyo mtu mzima awepo watoto wakiwa uani. Uzio unakupa dakika za kumtafuta aliyepotea machoni, si ruhusa ya kwenda kulala.

Sasa maji.

Watu wengi wa pwani huamini kwamba kwa kuwa hewa yetu ina unyevu, maji hayakauki sana. Ni kweli hewa iliyolala juu kabisa ya maji hujaa mvuke upesi, na ikishajaa ukaukaji unapungua. Ila kwako haitulii. Kaskazi inaifagia kila dakika na kuleta nyingine isiyojaa. Usiku nako hakuna nafuu kubwa kama unavyodhani: maji yamehifadhi joto la mchana, hewa imepoa, na alfajiri unakuja upepo wa umande kutoka bara. Mvuke unaendelea kutoka wewe umelala.

Nusu sentimita kwa siku ni kiasi cha kawaida kwa bwawa lililo wazi namna hiyo. Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; bwawa lako lina mita za mraba 50, kwa hiyo nusu sentimita ni lita 250 kwa siku, pipa moja na robo. Kwa mwezi ni lita 7,500. Maji hayo yamesafirishwa kutoka Mabayani, kwenye chanzo cha maji ya mji wa Tanga, yamesafishwa, umeyalipia, kisha umeyatia dawa, ndipo yanapaa. Jasho la bili nimelielewa.

Lakini usinichukulie neno langu tu kwamba hayavuji. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi ya ndani ili ikae majini kiasi cha kuwa na joto lile lile, na maji ya ndani yalingane na ya nje. Weka alama ya kalamu ndani ya ndoo na nyingine kwenye ukuta wa bwawa. Zima pampu, asiogelee mtu, subiri saa 24. Viwango vyote viwili vikishuka sawasawa, ni hewa na jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, unavuja. Rudia tena pampu ikiwa inafanya kazi: bwawa likizidi hapo tu, tafuta kwenye mabomba yanayorudisha maji. Siku ya mvua usipime.

Kifuniko kinachogusa maji huzuia karibu ukaukaji wote kwa saa zile kinapokuwa kimetandikwa. Kwa kuwa wageni wako wanaogelea mchana, utapata sehemu tu ya faida hiyo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kifuniko hupunguza maji ya kujazia kwa asilimia 30 hadi 50, na dawa kwa asilimia 35 hadi 60. Hata ukipata ile ya chini, ni zaidi ya lita 2,000 kwa mwezi.

Hapa ndipo kile cha buluu kinaponitia shaka kwa sababu nyingine. Kilibuniwa kwa nchi ambazo maji ya bwawa ni baridi na watu wanatafuta kuyapasha. Vipovu vyake vinapitisha mwanga wa jua uingie majini, kisha vinazuia joto lisitoke. Kwako joto halikupungui. Maji yanapokauka huondoka na joto jingi, takriban kilojuli 2,400 kwa kila lita. Bwawa lako likiwa na kina cha wastani cha mita moja na nusu, lina lita kama 75,000. Joto linalobebwa na zile lita 250 linatosha kuyapoza maji hayo yote kwa karibu digrii 2 kila siku. Huko kupungua kunakokuudhi ndiko pia kunakolipoza bwawa. Ukiliziba mchana kutwa kwa plastiki inayopitisha jua, umefunga mlango wa joto kutoka na umeacha wazi ule wa kuingia. Mwezi wa pili wageni wataingia kwenye maji ya kuogea mzazi, na si wageni tu: mwani hupenda joto hilo, na klorini huisha haraka zaidi.

Kwa hiyo ukinunua cha kuelea, na mimi naona ununue cha kuelea, kisiwe cha kupitisha mwanga. Omba chenye tabaka mbili: juu cheupe au cha rangi ya fedha ili kirudishe jua, chini cheusi au cha giza ili mwanga usipite kabisa. Kipo, ila wauzaji wengi hawakiweki dukani kwa kuwa buluu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Vipovu vikiwepo vinatazama chini, majini. Nimekuta nyumba kadhaa wamevigeuza juu.

Mwanga ukizuiwa umejibu pia swali lako la klorini. Miale ya jua huivunja klorini iliyo majini. Ile ya unga, isipokuwa na kinga, kwa jua kali la saa sita hupoteza nusu ya nguvu yake ndani ya saa moja au pungufu, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Unayoiweka asubuhi inakufa kabla ya chakula cha mchana, wakati wageni ndipo wanaingia. Mchana kifuniko hakipo, kwa hiyo mambo mawili: iweke klorini jioni baada ya watu kutoka, pampu ikizunguka, na mwombe anayekuuzia dawa asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini na jua, uifikishe miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Usizidishe. Ikishapanda sana inaifanya klorini iwe nzito kufanya kazi, na haitoki majini ila kwa kumwaga maji. Kama unatumia vile vidonge vikubwa, vingi tayari vinayo ndani, pima kwanza.

Ukianza kufunika, punguza dozi. Wengi huendelea na kipimo cha zamani, klorini inarundikana chini ya kifuniko, na baada ya mwaka plastiki inakuwa kama karatasi ya biskuti ikiguswa inavunjika. Ukitia dozi kubwa ya kuua mwani, liache bwawa wazi mpaka kipimo kirudi chini ya miligramu 3 kwa lita. Na kila asubuhi ukikunja kifuniko, lipe bwawa muda lipumue kabla watu hawajaingia, hasa kama unasikia ile harufu kali ya kuwasha macho.

Nije kwa fundi wa Ngamiani, ambaye sitaki aonekane mjinga, maana turubai analijua. Tatizo liko kwenye hayo maneno "kukazwa barabara".

Kitambaa kilichotandikwa bila kushikiliwa chini hubeba uzito kwa kuvutika tu. Angalia kamba ya kuanikia nguo: ukiiacha ilegee kidogo, kanga mbichi haziiumizi, ukiivuta iwe mstari, misumari ndiyo inayong'oka. Turubai ni vivyo hivyo. Tuseme mvua imetuamisha juu yake maji ya kina cha sentimita 10, ambayo ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Likiwa limelegea sentimita 50 katikati ya ule upana wa mita 5, kila mita ya ukingo inavutwa kwa nguvu ya kama kilo 625. Likilegea sentimita 25 tu, inakuwa kilo 1,250. Likikazwa zaidi, zaidi. Na haliishii hapo: uzito unalibonyeza, bonde linakuwa kubwa, maji zaidi yanakimbilia humo. Milimita 50 za masika usiku mmoja, jambo lisilo geni Tanga, ni lita 2,500 juu ya bwawa lako, yaani tani mbili na nusu. Mabomba yatapinda kuelekea ndani kabla turubai halijachanika.

Upepo ni upande wa pili wa hesabu hiyo. Turubai lililoinuliwa juu ya mabomba lina hewa chini yake, na upepo unaweza kulibeba. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi, ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde ni kama kilo 14 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 50 upate kilo 700 zinazotaka kuling'oa. Kifuniko kilicholala juu ya maji hakina shida hiyo kwa kiasi hicho, kwa kuwa upepo haupati pa kuingilia, na uzito wa mvua unabebwa na maji ya bwawa yenyewe. Hata vile vifuniko vya usalama vya kiwandani huegemea siri hiyo: vikikanyagwa vinashuka mpaka vinaguswa na maji, na maji ndiyo yanayosaidia kubeba. Ndiyo sababu watengenezaji wake wanakataza kushusha kiwango cha maji kupita kiasi.

Kama bado ungependa kumpa fundi wako kazi, na ningefurahi ukimpa, mwambie alitengeneze la kuelea. Kuna mtego mmoja. Turubai la malori limepakwa plastiki iitwayo pivisii (PVC), na pivisii ni nzito kuliko maji. Mvua ikilipanda linazama kama shuka. Lazima alitie vielea: mifuko mirefu pembeni na miwili mitatu katikati, ndani yake mipira ya povu lisilonyonya maji. Viungo avibandike kwa moto badala ya kushona. Kila tundu la sindano ni njia ya maji na mwanzo wa mchaniko. Mahali ambapo hana budi kushona atumie uzi wa poliesta, wa pamba utaoza. Alikate vipande viwili vya mita 5 kwa 5 vinavyolaliana kidogo katikati. Kimoja kizima cha turubai la gramu 650 kwa mita ya mraba kina zaidi ya kilo 32 kikiwa kikavu, na kikiwa kimelowa ni habari nyingine. Mfanyakazi wako mmoja asiyeweza kukitoa asubuhi ataacha kukirudisha jioni, na ndani ya mwezi kitakuwa kimekunjwa nyuma ya stoo. Nimeona vifuniko vingi vizuri vikiishia huko kuliko vilivyochanika. Cha plastiki chenye vipovu ni chepesi zaidi na polithini yake inaelea yenyewe, ila ningekiwekea rola ya kukunjia upande mmoja.

Mivinje isikutie wasiwasi mwingi. Majani yake ni membamba, yanapenya wavu, kwa hiyo anayekuuzia kifuniko cha wavu kwa ajili hiyo hakusaidii. Kwenye kifuniko kizima yatalala juu, uyafagie kabla ya kukunja, la sivyo unayamwaga yote bwawani kwa mkupuo. Fagia na maji ya mvua pia. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, na wiki moja hadi siku kumi zinamtosha kutoka yai mpaka kuruka. Wengine hutoboa vitundu vidogo ili mvua ishuke bwawani. Unapoteza kidogo sana upande wa ukaukaji, ila hakikisha bwawa lina tundu la kupunguzia maji yakizidi.

Chuma chochote utakachofunga hapo, kwa kifuniko au kwa uzio, kitaliwa na chumvi ya bahari na klorini kwa wakati mmoja. Bomba la mabati litaanza kutoa kutu kwenye viungo vilivyochomelewa, kwa hiyo lipigwe rangi ya kuzuia kutu mara baada ya kuchomelewa na likaguliwe kila msimu. Kwa boliti na vishikizo, lipia stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 inafanana nayo kabisa machoni, na sumaku haitakutenganishia. Tazama kichwa cha boliti: kilichopigwa muhuri A4 ni 316, A2 ni 304. Na mafundi wasitoboe kwenye mawe ya matumbawe au matofali ya kupanga yaliyozunguka bwawa. Hayo hayashiki kitu. Vishikizo viingie kwenye zege.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ndoo ikionesha unavuja, usinunue kifuniko bado. Ita fundi wa mabwawa apime mabomba kwa shinikizo. Ukiona nyufa kwenye ukingo wa zege, mjenzi auone kabla hajatoboa mtu. Ukivutiwa na kifuniko cha umeme kinachojikunja, kifungwe na fundi umeme mwenye leseni, kiwe na ethi na swichi inayokata umeme unapovuja, usikubali mkato wowote karibu na maji. Na wafanyakazi wako wapate mafunzo ya huduma ya kwanza kwa aliyezama. Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, waulize Tanga.

Kabla hujaagiza chochote, pima bwawa upya kwenye uso wa maji, si kwenye vigae vya ukingo, na upime pia mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kwa bwawa la 10 kwa 5 lililonyooka kila mmoja uwe mita 11.18. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita tatu nne, bwawa limepinda na kifuniko cha mstatili kitaacha upenyo kona moja na kukunjamana nyingine; hapo mpe fundi kiolezo cha nailoni kilichokatwa juu ya bwawa lenyewe. Ukishapata vipimo hivyo na jibu la ndoo, niandikie tena tuzungumze bei.